Maji ya Dengu kwenye Hamamu ya Warumi

Nilikamatwa na sufuria mkononi, suruali imelowa hadi magotini, nikimwaga maji ya moto ndani ya mambo ya kale ya taifa.

Nijitetee kidogo. Mimi ni muuza dengu za kusaga hapa Amman, mjini chini, mwaka wa thelathini na moja duka hilohilo. Manispaa ilikuja kubadilisha mabomba, ikafukua barabara mlangoni kwangu, na mita tatu chini ya lami ikakuta hamamu, bafu la umma la Warumi wa kale: sakafu ya marumaru, na chini yake viguzo vya matofali, katikati yake palipokuwa pakipita moto. Kazi ikasimama. Mtaro wangu ukazibwa. Sasa maji ya kuchemshia dengu niyapeleke wapi, niyanywe?

Basi asubuhi ile nikayamwaga shimoni. Chini kikatoka kilio, chembamba, cha mtu aliyeungua. Nikajua nimemchoma Daktari Rula, mwanaakiolojia aliyekuwa akiyasafisha mawe yale kwa brashi ndogo. Nikageuka kukimbia, nikagongana naye. Alikuwa nyuma yangu, na kahawa mkononi.

"Baba Kayed! Unafanya nini?"

"Nawasaidia kuosha."

"Kuosha? Na dengu zinaelea?"

"Daktari, chini kuna nani?"

"Hakuna mtu. Ndiyo kwanza nafika."

Kwetu mtu hamwagi maji ya moto ardhini bila kupiga hodi. Unasema, "Ruhusa, wenye mahali," unangoja kidogo ili majini waliopo wawaondoe watoto wao, ndipo unamwaga. Miaka yote hiyo nimepiga hodi kwenye mtaro wangu. Siku ile sikupiga. Lilikuwa shimo la serikali. Nani anapigia hodi shimo la serikali?

Nilipopanda ghorofani, juu ya duka, tunakoishi, nilimkuta mke wangu Hiyam ameketi kitandani, anaupuliza mguu wake wa kulia. Malengelenge yamejaa hadi kifundoni.

"Umeungua na nini?"

"Sijui. Nilikuwa nakunja nguo tu."

Hospitali wakampa mafuta ya kupaka, na mimi wakanipa jicho la shaka. Siku ya pili sakafu yetu ikapata joto, kwanza chini ya kitanda, halafu chumba kizima, ukiweka mkono unautoa. Siku ya tatu, mchana kweupe, magari yanapiga honi na muuza juisi anaita wateja, tukasikia mitalawanda, viatu vya mbao vya bafuni, ikitembea chini ya vigae, kwa-kwa-kwa, polepole, kama mtu anayembeba mgonjwa akiogopa kumtikisa, na harufu ya mvuke na mafuta ya zeituni ikapanda kutoka kwenye nyufa hadi kuta zikatoa jasho, na kila mitalawanda iliposimama Hiyam aliuma mto na kulia, na mimi, ninayejua kumchekesha hata askari wa barabarani, nilikaa pembeni nikimpepea kwa karatasi ya kufungia mikate.

"Baba Kayed," akaninong'oneza, "umefanya nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nikamleta Sheikh Nuh, mtu wa kusoma na kutoa majini. Aliushika ule mguu, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Umemuunguza mtoto wao," akasema kwa sauti ya chini. "Mguu wa huyu wameufunga kwenye mguu wa yule. Yule akipona, huyu atapona."

"Na asipopona?"

Akaanza kutafuta viatu vyake.

Nilizima jiko, nikafunga duka. Nililala kifudifudi kandokando ya shimo, na aproni yangu, mbele ya soko zima, nikiita chini: "Nisameheni, sikupiga hodi!" Watu wakanipiga picha. Nikateremsha bakuli la asali, maana asali ni nzuri kwa aliyeungua. Daktari Rula aliniona. Hakunizuia; alinisaidia kushika kamba.

Asubuhi ya tano niliamka, miguu yangu ikagusa sakafu baridi. Kimya. Hakuna mitalawanda. Hiyam alikuwa amelala fofofo, na nilipougusa mguu wake, ulikuwa umepoa, malengelenge yamenywea. Nililia kama mjinga. Nikampigia simu Sheikh Nuh kabla ya kunawa uso.

"Njoo uone! Asali yangu imefanya kazi! Sasa mimi ndiye sheikh, wewe njoo usage dengu!"

Alikuja. Akaugusa mguu, akapandisha mkono hadi gotini, kisha juu ya goti, na hakucheka.

"Ubaridi huu umeanza lini?"

"Alfajiri. Si ndiyo kupona?"

Sheikh akaanza kumsomea. Midomo ya Hiyam ikafunguka, macho yake bado yamefumbwa, ikatoka sauti ya bibi kizee, kwa Kiarabu chetu hichihichi cha mtaani. Nadhani ukiwasikiliza wapangaji wa juu miaka elfu mbili, lugha unaishika.

"Nani kaniita?"

Nikapiga magoti. Nikaushika ule mguu wa baridi kwa mikono miwili, nikitafuta maneno mazuri kuliko yote niliyonayo.

"Ni mimi, mama. Yule wa maji. Naomba radhi. Mtoto anaendeleaje?"

"Tumemzika alfajiri."