Mkeka wa Mama Mkwe

—Shuka chini, mulamu. Bantu banakuangalia.

Edith hakushuka. Alikuwa ameketi juu ya kiti cha mezani kilichoongezewa mito miwili, mgongo umenyooka, magongo yake yameegemezwa ukutani. Mbele yake, sakafuni, ulitandikwa mkeka ambao tangu jana ulikuwa na nafasi moja tupu. Nafasi hiyo ilikuwa yake. Kwa kina mumewe, mke wa mwana humlilia mama mkwe akiwa chini, juu ya mkeka, kwa siku tatu. Na siku ya tatu wakubwa wa ukoo hukutana na kutamka nani amelia kama mke na nani amekaa kama mgeni. Aliyetamkwa mgeni hubaki mgeni, hata kama ana cheti cha ndoa ya kanisa kabatini.

Aliyesimama juu yake, kitambaa cheusi kichwani, alikuwa Katungu, wifi yake, dada mkubwa wa mumewe Vital.

—Yaya Katungu, docteur alinikatalia. Kukaa chini, kuinama, kukunja muguu sana. Mpaka myezi tatu ipite. Leo iko wiki ya tano.

—Docteur gani? Vital alitusomea ile karatasi ya Zambia. Anasema unaweza kukaa. Eti wee njo haupendi.

—Vital njo alisema vile?

—Njo yeye! Mama yake amekufa mu vita, na wee uko juu ya kiti sawa ministre.

Wanawake waliokaa kwenye mkeka walicheka puani. Kilioni kicheko cha namna hiyo hupita kirahisi, kwa sababu hufanana na kupenga kamasi.

Ule ulikuwa mwezi wa Machi. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari, na mama yake Vital, aliyekuwa akikimbia vijiji vya Lubero kwa miguu, alifia Butembo akazikwa huko huko. Lubumbashi, katika nyumba ya Vital mtaani Bel-Air, watoto wake walimlilia bila maiti, mbele ya picha yake iliyosimamishwa juu ya friji.

Vital Kambale aliuza unga na maharage kwa jumla, na depo yake ilikuwa Ruashi. Kwa miaka sita alikuwa amemtazama mkewe akichechemea, mfupa wa nyonga ukiliwa na maradhi, na hatimaye alimvusha mpaka, akawekewa nyonga ya bandia huko Ndola, Zambia. Tangu warudi, kila asubuhi alimvalisha soksi, kwa kuwa Edith alikuwa hawezi kuifikia miguu yake. Kila alipolala, alimwekea mto kati ya mapaja kwa uangalifu wa mtu anayefunga bidhaa zinazovunjika. Edith aliuita uangalifu huo upendo. Hata watu waliosoma hulifanya kosa hilo.

Maagizo ya daktari yaliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani mle Vital peke yake aliisoma, kwa sababu ya safari zake za biashara. Chumbani alikuwa amemsomea mkewe kila sharti, neno kwa neno.

Edith alichukua simu.

—Allô, chéri? Yaya anasema ulibasomea karatasi, eti naweza kukaa chini.

—Mi? Hapana! Banasikia vibaya, bale. Uchungu ya mama imebaharibu kichwa.

—Basi kuya ubaambie wee mwenyewe. Banasema niko na kiburi.

—Nakuya. Vumilia kidogo tu. Si unajua nakupenda?

—Najua.

Alikata simu akiwa ametulia. Kando ya ile nafasi tupu alikaa Syntiche, mwanamke wa miaka thelathini, binti wa rafiki wa biashara wa Vital huko Goma, aliyeukimbia mji ule wiki moja kabla haujaanguka. Vital alimleta nyumbani akasema ni mkimbizi, na kwa kweli alikuwa mkimbizi; uongo unaodumu hujengwa juu ya kipande cha kweli. Alizungumza Kinande, lugha ya ukoo, na mashangazi, aliwapa chai akiwa amepiga magoti, na tangu asubuhi alikuwa akiisogelea nafasi hiyo, kidogo kidogo, kama anayemkimbia siafu.

Shangazi mmoja alimgusa goti.

—Huyu mutoto anajua kulia. Aliwekwa chini na mama yake, huyu.

—Na wengine baliwekwa ku fauteuil, alijibu mwenzake, akimtazama Edith kitini.

Vital aliingia, akawaamkia watu, akasimama mbele ya picha ya mama yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

—Papa Plamedi, alisema Edith, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa chuoni Kinshasa. Baambie vile karatasi inasema.

Vital aliutazama mkeka. Alimtazama dada yake. Mwisho aliutazama mlango.

—Mama Plamedi, tusigombane mu kilio ya mama.

—Sigombani. Baambie tu.

—Jikaze kidogo. Kwa ajili yangu.

—Unasema nini?

—Kwa ajili yangu, Edith. Dakika kumi tu, bakuone. Kisha nitakuinua mi mwenyewe.

Edith alimtafuta usoni mtu aliyemvalisha soksi asubuhi ile, akaona macho mekundu, na akaamua kwamba ni msiba. Mtu aliyefiwa husema lolote. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, na katika miaka yote hiyo ukoo huu ulimwita mtoto wa reli, kwa kuwa babu yake alitoka Kongolo kuja kufanya kazi ya treni. Leo wangeacha.

—Munataka kuona kama mi namupenda bwana yangu? Basi, muangalie.

Alishika ukingo wa meza. Vital akamnyooshea mkono, si wa kumzuia bali wa kumsaidia kushuka. Na mkono huo ulikuwa imara kabisa. Edith aliupeleka mguu mzima mbele, akaanza kuinama. Ndani ya nyonga, kitu ambacho hakikuzaliwa naye kilianza kusukuma nyama.

—Mama, usiguse chini! Nani anamushusha?

Alikuwa Anaclet, fundi wa viungo, aliyekuja kila Alhamisi kumfundisha kutembea. Alitupa mkoba wake, akamkamata Edith chini ya kwapa, akamrudisha kitini huku akimtukana kila mtu kwa Kifaransa safi.

—Pole, mukubwa, alisema Katungu kwa baridi. Lakini karatasi inasema anaweza.

—Karatasi gani? Akikaa pale, ile nyonga inatoka mu nafasi yake! Inatoka, banamupasua tena, na mara ya pili haiko sawa na ya kwanza. Leteni hiyo karatasi.

—Haina lazima, alisema Vital. Nilisha kusoma.

—Mi nilisoma Kitwe mu Kingereza, myaka tatu. Nisome pia.

Katungu aliitoa karatasi kabatini mwenyewe. Anaclet aliisoma kimya, kisha akaifasiri kwa sauti, bila kupamba.

—"Asikae sakafuni kamwe. Asikae ku kiti chenye kuwa kifupi kupita goti. Asiiname, hata kuokota kitu. Wiki kumi na mbili." Na huku chini, banaandika jina ya mwenye alielezewa yote akasema nimeelewa. Iko na sinyatire, saini yake. Vital Kambale.

Hakuna aliyepenga kamasi.

—Vital? alisema Katungu.

—Yaya, nilisoma mbiombio…

—Alinidanganya na mi.

Sauti hiyo ilitoka kwenye mkeka. Syntiche alikuwa ameinuka. Alikuwa ameuona uso wa Edith wakati ule wa kuinama, na yaelekea kuna mambo ambayo mtu huyakubali yakiwa maandishi tu.

—Aliniambia Mama Plamedi amekubali niingie, bibi wa pili. Eti hatatembea tena, hata afanye nini. Hata aliponiandikia mu telefone, sikusadiki njo yeye atamuvunja.

—Funga kinywa! alifoka Vital.

—Lete telefone, alisema Katungu.

Syntiche alimpa. Katungu aliusoma ujumbe polepole, kwa sauti ile ile aliyoitumia kusoma somo la kwanza kanisani siku ya Jumapili:

"Usiogope. Ashuke ao asishuke, yote sawa. Akishuka, hatasimama tena. Akikataa, famille itamukataa. Siku ya tatu mukeka utakuwa wako."

Alimrudishia Syntiche simu. Kisha akamwonyesha mdogo wake ile nafasi tupu.

—Kaa. Njo nafasi yako.

Vital Kambale, mwenye malori manne, alikaa chini kati ya wanawake, na huko alikaa mpaka siku ya tatu.

Siku hiyo wakubwa walikutana sebuleni. Syntiche alikuwa amekwisha kuhamishiwa mtaa wa Hewa Bora, nyumbani kwa Katungu, kwa sababu hapakuwa na Goma ya kumrudisha. Katungu alizungumza akiwa amesimama.

—Mulamu, tulikukosea. Mi wa kwanza. Sema wee. Ukitaka kwenda, nitakusindikiza kwenu mi mwenyewe, na famille itajua kosa haikukuwa yako. Ukitaka kubaki, uko bibi ya hii nyumba, na mutu asifungue tena kinywa.

Vital alijikokota kwa magoti hadi miguuni mwa kiti.

—Edith, unihurumie. Shetani alinidanganya.

—Shetani anasomaka Kingereza?

—Vita, mama, mizigo yote yenye kubakia Goma… sikukuwa na akili.

—Akili ulikuwa nayo. Ulipanga njia mbili, na zote zilifika mahali pamoja. Angalia mu macho yangu. Unataka niende?

—Hapana! Nani atasema vile?

Alisema hapana. Lakini Edith, aliyekuwa na wiki tano za kulala chali bila kazi nyingine ila kusoma uso ule ulipomwinamia, aliona kitu kikiwaka nyuma ya machozi yake: tumaini dogo, la haraka, la mfungwa aliyesikia funguo. Alimwacha atumaini mpaka mashangazi walipoanza kukohoa.

—Nabaki, alisema.

Vigelegele vilipasuka. Shangazi yule wa fauteuil alilia "Aksanti Yezu!" mara tatu, na Katungu akafunika uso kwa kitambaa chake. Katika kelele ile Edith alimshika mumewe ukosi wa shati, akamvuta mpaka sikio lake likafika kinywani pake.

—Nikienda, utafurahi. Njo maana nabaki.

—Edith…

—Tulioana mu kanisa, Vital. Mi niko na myaka makumi ine na sita, na kwetu banamuke banafikaka makumi tisa. Sasa unisimamishe. Polepole. Bantu banatuangalia.

Alimsimamisha. Walikwenda kuelekea chumbani kwa mwendo wa mgonjwa, hatua fupi, Vital akisimama kila Edith alipotaka kusimama, akianza tena kila alipotaka kuanza. Shangazi mmoja, akifuta machozi, alimnong'onezea jirani yake kwamba vita vimeharibu mengi, lakini tazama tu namna yule bwana anavyomshika mkewe.