Godoro Lililorudi Gashonga

Kila asubuhi ya likizo Niyigena alifagia ua, akawapa mbuzi maganda ya ndizi, kisha akamenya mihogo pamoja na mama yake, Mukantwari. Kazi hizo hazikumchosha. Kilichomchosha ni godoro. Lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa kamba nyuma ya mlango, na kila alipoingia kuchukua sufuria aligeuza macho asilione.

Kwa mwanafunzi mwingine, godoro ni godoro tu. Hili lilikuwa la watu. Mwaka uliotangulia, Niyigena alipomaliza shule ya msingi, hakukuwa na msichana katika Gashonga yote aliyedaka mpira kama yeye. Shule tatu zilimtaka. Walimu wao walipanda pikipiki mpaka nyumbani, wakakaa kwenye benchi la Mukantwari, wakanywa juisi ya ndizi na kumsifu mtoto mpaka masikio yakamwaka moto. Akachagua shule ya bweni iliyo upande wa Kamembe. Shule ilimsamehe karo, lakini mwanafunzi wa bweni hufika na godoro lake mwenyewe. Ndipo majirani walipochanga, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Godoro likapita barabarani juu ya pikipiki, watu wakilipigia makofi kama bibi harusi.

Huko shuleni alimkuta Larissa, kipa wa kidato cha tatu. Goli ni moja na kipa ni mmoja. Mwaka mzima Niyigena alikaa benchi na jezi safi, tena iliyopigwa pasi. Hakuzoea. Tangu ajue kudaka alikuwa amezoea kuitwa, na sasa hakuna aliyemwita. Kwa hiyo shule moja ya Bugarama ilipomtumia ujumbe kwamba kwao atacheza tangu siku ya kwanza, alikubali haraka, na likizo ilipofika akarudi nyumbani na godoro.

Lakini wenye godoro wangeambiwa nini? "Nimechoka kukaa benchi" ilionekana sababu ndogo mno. Mama yake alipomuuliza, Niyigena alisema kwamba kocha, Mwalimu Ntabaza, hupewa vitenge na mama yake Larissa ili mwanawe acheze.

Mama yake Larissa aliitwa Honorine. Alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu anayevuka mpaka kila asubuhi kuuza vitenge katika soko la Kamembe. Mukantwari aliuza ndizi hatua chache kutoka hapo, na mvua iliponyesha ni Honorine aliyemfunikia ndizi zake kwa turubai. Tangu siku ya uongo ule, Mukantwari aliacha kumsalimia. Kisha kwenye umuganda wa mwezi wa saba akawasimulia majirani wote. Niyigena alisikia hadithi yake ikizunguka kutoka mdomo hadi mdomo, ikinenepa njiani, naye akanyamaza.

Umuganda wa mwezi wa nane ulipofika, watu walizibua mitaro mpaka saa tano, kisha wakakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Pikipiki ya kwanza iliyopita baada ya kazi ilimshusha mgeni. Alikuwa Mwalimu Ntabaza.

"Nimekuja kwa ajili ya mutoto wenu," alisema kocha baada ya salamu, kwa Kiswahili cha mpakani, ambako "ndio" ni "njo" na "wote" ni "bote". "Nasikia anahama. Nilitaka kujua juu ya nini."

Bibi Nyiransabimana, jirani ambaye ulimi wake haujawahi kulala, alimjibu wa kwanza. "Mwalimu, huku kwetu tuko na ndizi tu. Vitenge hatuna."

Watu wakacheka. Kocha hakucheka. "Vitenge gani, maman?"

"Vile Honorine anakupatia," alisema Mukantwari akisimama. "Njo maana mutoto wake anacheza, wangu anakaa."

"Nani anasema?"

Mukantwari alimtazama binti yake, na kilichomuumiza Niyigena kuliko yote ni kwamba macho ya mama yalijaa fahari. "Mutoto wangu anasema. Niyigena, simama umwambie mbele ya bote."

Niyigena alisimama, jembe mkononi. Kurudia uongo kungekuwa rahisi, maana watu wote walikuwa upande wake. Alimtazama kocha. Mwalimu Ntabaza hakumkazia macho. Alikuwa amevua kofia na kutazama chini, akionekana kama yeye ndiye mwenye kosa. Niyigena alishindwa kuvumilia.

"Nilidanganya," alisema.

"Hatusikii," alisema Bibi Nyiransabimana.

"Nilidanganya. Vitenge haviko. Larissa anadaka kunishinda. Niliona haya kusema."

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Mmoja alianza kukwangua tope kwenye jembe lake, mwingine akatazama vilima vya Nyakabuye. Mukantwari aliketi polepole na kujivutia kanga mpaka usoni.

"Napita mbele ya Honorine wiki na wiki," alisema. "Simusalimii."

Niyigena alitamani ardhi immeze. Kocha akavaa kofia yake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Batoto benye kuitwa na shule nyingi njo banahama sana. Ninabaona kila mwaka. Kila muntu anakuambia wewe njo kipa. Unafika, unakuta mwingine, na goli haiongezeki. Kungoja kunakuwa kama tusi. Kuhama haiko kosa, Niyigena. Ungeniambia ile ya kweli, ningekuacha uende na ningekuombea mema. Lakini umechukua jina langu na la maman ya mwenzako, ukayafanya kifuniko."

Kocha alipogeuka kuondoka, Mukantwari alimwomba msamaha. "Muanze kwa Honorine," alijibu. "Mimi nitangoja."

Siku ya soko Niyigena alibeba ndizi kichwani nyuma ya mama yake, na miguu yake ilikuwa mizito kuliko mzigo. Honorine aliitikia salamu kwa adabu bila kutabasamu. Wateja walikuwepo. Niyigena alitaka kusubiri waondoke, lakini alikumbuka kwamba uongo wake haukusubiri mtu. Akasema yote, machozi yakimtiririka.

Honorine alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Mukantwari, niliona unanipita. Nikazani kuna muntu amekufa kwenu, hautaki kusema. Nilikuombea." Kisha akamgeukia Niyigena. "Larissa alikaa benchi miaka mbili, njo akaanza kucheza. Alikuwa analia hapa, chini ya hii meza. Hakukuambia?"

"Hapana, maman. Sikumuuliza."

Honorine aliinama, akatoa chini ya vitenge kitu kilichofungwa katika kipande cha kitenge. Zilikuwa glavu za Larissa, zilizochakaa kwenye vidole.

"Amemaliza pale, anaenda shule ingine. Alisema: patia Niyigena, yeye njo anafuata. Niliziweka hapa tangu likizo inaanza. Nilingoja maman yako asimame. Hakusimama."

Niyigena alizipokea kwa mikono miwili, kichwa chini. Kipande hicho ndicho kilikuwa kitenge pekee alichowahi kutoa Honorine kwa ajili ya mpira, na aliyepewa ni yeye.

"Uzivae," alisema Honorine kwa upole zaidi. "Lakini nafasi, Larissa hana ya kukupatia. Kuna mutoto mupya anatoka Gitambi. Banasema anadaka sana."

Njiani Mukantwari alisema, "Uliona haya ya benchi, ukatafuta uongo wa kuifunika. Sasa angalia aibu tuliyo nayo leo, wewe na mimi. Ungekuja uniambie, 'Maman, sichezi.' Ningekupikia, tungelia kidogo, ingeisha. Benchi haiko aibu, mwanangu. Muntu anakaa pale anajifunza. Uongo njo unaleta aibu, na unaigawia hata bale bahakukosa."

Jioni hiyo Niyigena alipita nyumba moja moja za wale waliochangia godoro, akaomba msamaha, peke yake.

Shule zilipofunguliwa, godoro lilitoka nyuma ya mlango. Munyemana, dereva wa pikipiki, alilifunga nyuma yake, na watu wa barabarani wakajitokeza kutazama. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Unaenda Bugarama?" aliuliza Bibi Nyiransabimana.

"Hapana, Bibi. Ninarudi kulekule, kwa Mwalimu Ntabaza."

"Utacheza?"

Uso wa Niyigena uliwaka, lakini hakuinamisha kichwa. "Sijui. Niko kipa wa pili."

Bibi alimtazama kidogo, kisha akasogea, akashika kamba ya godoro na kuikaza vizuri.

"Basi ukae nalo," alisema. "Mpaka umalize."