Noela Hakuitwa

Hii nilipewa na Hosiana, yule mama wa Kizinza tuliyelala naye wodi moja kule Kolandoto nilipovunjika nyonga. Alinisimulia huku anamenya chungwa, kama mtu anayekwambia mvua imenyesha. Basi sogeeni. Na wewe Mageni, toa mguu wako juu ya mwenzio.

Kulikuwa na mwalo mdogo wa kuegesha mitumbwi, ukingoni mwa ziwa upande wa Geita, ukiitwa Kabuyombo. Nyumba kama thelathini, huku mafunjo, huku mawe, na viboko wanakuja kula majani mpaka nyuma ya vyoo. Wa kwanza kukaa pale walikuwa Wazinza wafua majembe. Ukichimba msingi hata leo unakuta mavi ya chuma. Wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakaja wavuvi wa sangara, wakaja wa dhahabu. Kila aliyekuja alikuta desturi moja, akaifuata.

Ukihama pale, nyumba inaitwa.

Unabeba figa moja la jikoni. Mkubwa wa nyumba anasimama mlangoni, anaita mmoja mmoja: "Fulani, toka, tunahama." Naye anajibu, "Naja," anatoka. Wafu wa nyumba nao wanaitwa. Wao hawana mdomo, basi aliye hai anawaitikia. Asiyeitwa hajui kama watu wamehama. Na kila mwitaji anaita mara moja tu, harudii.

Sasa, ule mwaka wa kunawa mikono kila mlangoni, ziwa lilipanda. Halikuja na kelele, hapana. Lilipanda kama usingizi. Leo liko kwenye migomba, kesho kwenye kizingiti. Nyumba ya chini kabisa ilikuwa ya Limi. Mume wake, Masele, alikuwa machimboni. Pale nyumbani alikuwa na mama mkwe wake, Serafina, na mtoto wake Abel wa miezi kumi, hana hata jino. Alikuwa pia na binti wa miaka saba, Noela. Huyo mamba alimchukua pale pa kuteka maji, miezi miwili nyuma. Ilirudi ndoo. Wakazika gauni lake.

Tangu siku ile Limi hakulia. Akipewa uji, anakunywa. Akiambiwa lala, analala.

Siku ya kuhama Serafina akaita. Akamwita marehemu mume wake, akamwitikia mwenyewe. Kisha akamwambia Limi, "Noela ni wako, mayu. Mtoto huitwa na mama yake. Ingia umwite, na umwitikie."

Limi akaingia. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Akasimama pale jikoni. Mdomo ukakataa. Wala haukuwa uchungu. Ulikuwa mzito tu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Akatoka.

"Umemwita?"

"Nimemwita."

"Mbona sijasikia?"

"Nimemwita taratibu."

Mkwe akamtazama kidogo, akajitwisha figa, wakapanda kilimani.

Haya. Wiki ya tatu, jioni, jua limeshakaa juu ya maji, Limi akashuka kuanua dagaa kabla ya umande. Mnandi, wale ndege weusi wa ziwani, walikuwa wamejipanga kwenye bati la ile nyumba yake, mbawa wazi, wanajianika. Maji yalishafika madirishani. Anakusanya dagaa, anatia guniani, anakusanya, anatia.

Mara mnandi wote wakaruka.

Kimya...

Ikaja harufu. Moshi wa kuni mbichi. Na ugali unaoungua chini. Akainua macho. Moshi ulikuwa unatoka chini ya bati, upande wa jikoni. Jiko lenyewe lina maji ya kiunoni.

Limi akamaliza kuanua. Akafunga gunia kwa kamba. Ndipo sauti ikaja juu ya maji, ndogo, ya mtoto anayeigiza wakubwa.

"Bibi... rudi. Hatujahama. Nimeshakoka moto."

Na kule juu kilimani, Limi akamsikia mkwe wake akijibu, "Naja."

Asubuhi walimkuta Serafina ndani ya nyumba ya zamani. Ameketi. Maji ya shingoni. Mikono ameinyoosha mbele kama anayeota moto. Hosiana alikuwa mmoja wa waliomtoa. Mwili ulikuwa baridi kama samaki, akasema, lakini viganja...

Viganja vilikuwa na joto.

Watu wakasema ni uzee, alipotea njia. Limi akaenda kuanika dagaa. Masele alikuja, akamzika mama yake, akarudi kwenye duara lake, lile shimo la dhahabu. Siku ya nne akapiga simu.

"Mama Abel, umeniita?"

"Hapana."

"Nimesikia 'Baba, rudi.' Nikiwa chini kabisa."

"Umeitika?"

"Aah, duarani hatuitiki. Hata tajiri mwenyewe akiita, tunagonga nyundo tu. Limi, ile ni sauti ya nani?"

"Sijui. Usimalize salio."

Jioni iliyofuata ile sauti ikaita, "Mama." Limi alikuwa anachambua matembele. Akaingiza pindo la kanga mdomoni, akauma, akaendelea kuchambua. Ikaita mara tatu. Ikaacha. Akadhani imekwisha.

"Abel... rudi. Njoo nikubebe."

Maana Noela ndiye aliyekuwa akimbeba, si mnajua watoto wa kwanza. Abel akageuza shingo pale mkekani. Akatabasamu na zile fizi tupu. Akafungua mdomo.

"Na... na..."

Limi akamziba kwa kiganja. Akashika. Akashika mpaka sauti ilipokoma. Kisha akawaza, leo nimemziba. Kesho je? Kesho kutwa? Mkono utachoka.

Akamfunga mgongoni. Mtoto alikuwa kimya sana. Akabeba lile figa, akashuka nalo ziwani kumwita Noela, mwito ambao alikuwa hajautoa. Kiboko alikohoa kwenye mafunjo, hakumjali. Akaingia majini mpaka kiunoni, akapita mlangoni. Mle ndani giza. Akapapasa kwa mguu, akayapata mafiga mawili yaliyobaki, chini kwenye tope. Maji ya pale yalikuwa ya moto, kama ya kuoga mzazi.

"Noela," akasema. "Toka, tunahama."

Safari hii mdomo haukukataa. Alitaka avute pumzi, amwitikie mwanawe.

Hakuwahi.

Mgongoni kwake, karibu kabisa na sikio, sauti ikasema:

"Naja, mama. Mtoto nimemwacha amelala."

Maji yakapoa.

Limi alitembea mpaka juu na figa lake. Mgongoni alishikwa mabega kwa mikono miwili, sawasawa, kama mtu anayejua kubebwa. Akamfungua, akamweka mkekani. Alikuwa Abel. Uso ule ule, jino hana. Mtoto akakaa wima. Akatazama moto. Akanyoosha mkono, akausukuma ukuni uliokuwa unatoka nje, ukaingia vizuri kati ya mafiga. Nani alimfundisha?

Ndipo kule chini, ziwani, mtoto mchanga akaanza kulia.

Alilia kilio cha aliyeamka akakuta hakuna mtu. Matiti ya Limi yakasikia kabla ya masikio. Maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha blauzi, yakashuka mpaka tumboni. Akainuka. Akafika mlangoni. Akashika komeo. Akawaza, nikashuke nimwite? Lakini mwitaji anaita mara moja, na yeye alishaita.

Nyuma yake, mkekani, yule wa miezi kumi akasema taratibu:

"Usiende, mama. Atanyamaza."

Limi akafunga mlango. Akapakua ugali, sahani mbili.

Hakunyamaza. Siku za kwanza majirani walikuwa wakitoka na tochi. Sasa wanapika mapema, wanaingia ndani, wanaongeza sauti ya redio.

Basi, imetosha. Fungeni hilo dirisha, mjifunike vizuri. Laleni, wajukuu zangu.