Kiti cha Cheche

Nilikuwa nampelekea mama waya wa runinga. Basi, hakuna kingine. Mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, waya mmoja mweusi ndani ya mfuko wa nailoni, jua ndio kwanza linazama. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia hudhani nilikwenda kule nimejiandaa. Sikujiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimevaa ndala za kazini na njaa inaniuma.

Mimi ni fundi wa mashine za gemu. Ukidhani wateja wangu ni watoto, umekosea. Nusu ya wanaoniletea mashine hawajui hata gemu moja. Wanaiunganisha na runinga na kutazama video za mtandaoni, na hawatazami peke yao. Mmoja anafungua chumba, ndivyo kinavyoitwa, halafu ndugu na marafiki walio mbali wanaingia. Wote wanaona video ileile kwa wakati uleule, kila mtu kwenye sebule yake. Ukiingia, chini ya kioo cha runinga kinawaka kiti kidogo chenye jina lako. Ukicheka, wenzako wanakusikia kupitia pedi, kile kidude chenye vitufe kinachoshikwa mkononi. Ukisimamisha video, inasimama kwa wote.

Kaka yangu, aliyezoea kuniita Dada tu, ndiye aliyemnunulia mama mashine kabla hajaenda kufanya kazi mbali. Alikuwa mchomeleaji vyuma, tukimwita Cheche. Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni walikutana humo, yeye na mama. Video alichagua mama. Na mama yangu, fundi cherehani aliyewavika watu zaidi ya miaka thelathini, alipenda kitu kimoja tu duniani: video za watu wanaoosha mazulia machafu.

"Mama, leo tena zulia?" Cheche alikuwa akilalamika.

"Nyamaza, povu linakuja."

Wiki sita kabla ya jioni hiyo ya waya, nilipigiwa simu. Cheche ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, kifusi kikamfuata. Walimzika hukohuko na nguo zake za kazi. Aliyenipigia alisema hazikuweza kuvuliwa, nami sikuuliza kwa nini.

Mama alikuwa na siku nne tu tangu atoke hospitali. Moyo. Siku ya kuruhusiwa daktari aliniita pembeni, mlangoni, akaninyooshea kidole na kuniambia asishtuliwe hata kidogo. Maneno yake yakiwa bado kichwani, nikafanya jambo ambalo mtu wa kazi yangu tu ndiye angeweza kulifanya. Neno la siri la Cheche nilikuwa nalo, maana akaunti nilimfungulia mimi. Jioni, nikiwa dukani kwangu, niliingia kwa jina lake. Kiti cha Cheche kikawaka.

Nikaandika: "Mama, maiki yangu imeharibika. Nakusikia tu."

"Haya, baba," mama akajibu. "Leo kuna zulia la kijani."

Nilijiambia ni kwa wiki moja, apate nguvu kwanza. Wiki moja ikawa sita. Kila jioni nilifunga mlango wa duka, nikaingia kama marehemu, nikatazama mazulia na mama yangu. Halafu nikaenda kulala.

Sasa, akaunti moja haikai sehemu mbili. Mimi nikiwa ndani, mwingine haingii. Lakini siku tatu kabla ya jioni ile, transfoma ya mtaa wetu wa maduka iliungua. Giza. Bila mashine sikuweza kuingia chumbani; simu hufungua akaunti tu, haionyeshi video. Nilimpigia mama nikamdanganya kwamba Cheche amebanwa na kazi.

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayesikiliza kitu kingine.

Siku ya tatu alinipigia yeye. Niletee waya, picha inakatika. Sikujiuliza anatazama na nani.

Mlango wa mama ulikuwa umeegeshwa. Niliusukuma… na harufu ikanipokea. Udongo mbichi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili.

Sebule haikuwashwa taa. Mwanga wa runinga tu, ukichezacheza ukutani. Nikamsikia mama akiongea kwa upole.

"Polepole, baba. Utauchana."

Nikatazama chini ya kioo. Viti viwili. Kimoja cha mama.

Cha pili cha Cheche. Kinawaka.

Wazo la kwanza lilikuwa mwizi, mtu kaiba akaunti. Nilimkasirikia huyo mwizi, nikashukuru kwamba ni mwizi. Kisha nikaitazama video.

Ni mikono miwili tu iliyoonekana, imejaa matope hadi viwikoni. Ilikuwa inasugua kitu sakafuni. Hakukuwa na povu wala brashi. Maji meusi yalitiririka kutoka nje ya picha, mikono ikasugua. Kwaru… kwaru… kwaru. Ile sauti haikutoka kwenye runinga. Ilitoka kwenye pedi iliyokuwa mapajani mwa mama.

Mama alikuwa amevaa viatu. Vile vya kutokea, vya kamba. Miguuni pake palikuwa na begi lililofungwa, na juu ya begi, kopo lake la sindano na nyuzi.

"Mama."

"Shh. Inakaribia kwisha."

"Unakwenda wapi?"

"Kaka yako mfuko umemfumuka," akanong'ona bila kunitazama. "Akimaliza kuosha tunaondoka, nikamshonee."

Chini ya video kulikuwa na ule mstari mwekundu unaoonyesha muda. Dakika tano zimebaki.

Nikaenda ukutani nikachomoa plagi ya mashine. Nikachomoa na ya runinga. Nilisimama pale na plagi mbili mkononi, na mikono ile ikaendelea kusugua.

Nikaziacha plagi sakafuni, nikatoa simu. Nikakosea neno la siri mara mbili. Nilitaka niingie kama Cheche, nimtoe. Simu ikaniandikia:

"Akaunti hii inatumika. Mtumiaji anatazama."

Neno lile la siri nililibadilisha mimi mwenyewe baada ya msiba. Hakuna kiumbe mwingine aliyelijua.

Matope yakaanza kuachia. Nguo ya bluu. Ovaroli. Mikono ikageuza kifua cha nguo juu, ikasugua pale pale, na taratibu mfuko ukajitokeza. Mfuko wa bluu… uliozungushiwa uzi mwekundu.

Ule mfuko mama aliushona siku moja kabla Cheche hajasafiri. Uzi wa bluu ulimwishia, akamalizia na mwekundu, na Cheche akamtania kwamba kazini watadhani ni mchezaji wa timu. Ndiyo ovaroli aliyozikwa nayo.

Dakika tatu.

"Mama…" pedi ikasema.

Ilikuwa sauti ya kaka yangu. Ningeitambua popote. Ila alisema kama mtu aliyejaza maji mdomoni na hataki yamwagike.

"Mama… tayari?"

Mama akaweka mkono kwenye mshiko wa kiti, akaanza kuinuka.

Nikapiga magoti nikamshika viatu. Daktari alisema asishtuliwe. Nilimwona daktari yule mbele yangu kabisa, na kidole chake. Nikimwambia namuua, nisipomwambia anaondoka. Nililia kabla sijafungua mdomo.

"Mama, Cheche amekufa. Wiki sita sasa. Nilikuficha. Ni mimi niliyekuwa naingia kwa jina lake."

Kwaru… kwaru…

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akanifuta shavu kwa kidole gumba, kidole kigumu cha mshonaji.

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku maiki ilipoharibika. Kaka yako hajawahi kunisubiri. Nikiinuka kwenda chooni anaiacha video iende, nikirudi ananicheka. Huyu wa maiki mbovu aliisimamisha mpaka nirudi, nikae, nivute na shuka. Nikajua ni wewe. Nikajua na kwa nini."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikavishika viatu vyake kwa nguvu zaidi.

"Wiki sita umekaa na mimi kila jioni," akasema taratibu, "na hata siku moja hukuja kama wewe. Mwanangu aliyebaki naye nikamkosa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko hofu. Nilikuwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya jina la marehemu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama mama machoni.

Dakika moja.

"Na huyu, mama?" Nilinyoosha kidevu kuelekea runinga. Sikuthubutu kugeuka.

"Huyu alianza kuja ile jioni ulipokosekana." Akatazama kioo, na uso wake ukalainika. "Huyu hasubiri."

"Mama…" pedi ikaita. Ilitetemeka mapajani mwake. Maji yakachuruzika kutoka kwenye matundu ya vitufe, yakamlowesha kanga.

"Usiende," nikasema. "Nitakuja kila jioni. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Kama mimi. Usiende, mama."

Nikaanza kufungua kamba za kiatu chake. Vidole vinateleza. Nikavua cha kwanza. Hakunizuia, wala hakunisaidia. Nikavua cha pili. Mama alivuta pumzi ndefu, akarudi nyuma kwenye kiti, kisha akaongea na ile runinga kama alivyokuwa akiongea nayo siku zote.

"Nenda tu, baba. Mfuko utaushona mwenyewe. Nilikufundisha."

Mikono ikasimama.

Hata maji yalisimama, katikati ya kutiririka. Mstari mwekundu ukafika mwisho, na pale ambapo wanaotazama huandikiana ujumbe, herufi zikaanza kujitokeza. Moja… moja… Hazikuwa za mama.

"Dada. Asante kwa kunishikia kiti."

Runinga ikazimika. Plagi zilikuwa bado sakafuni nilipoziacha.

Usiku huohuo nilibeba mashine na runinga, vyote viwili, nikavifungia stoo ya duka. Zulia la mama lilikuwa limelowa hadi kwenye mbao za sakafu. Kuhusu zulia ningeweza kujidanganya, bomba limepasuka, chochote. Viatu ndivyo vilivyonishinda. Nilipoviokota kuviweka pembeni, niligeuza nyayo. Zilikuwa na udongo mwekundu ulioganda, mnene. Mtaani kwetu hakuna udongo mwekundu. Na mama alikuwa hajavuka mlango tangu atoke hospitali.

Nilimuuliza. Alisema hakumbuki. Akasema juzi na jana aliamka miguu inamuuma.

Kufuta akaunti ni kazi ya dakika moja. Nimewafutia watu wengi. Ya Cheche nimejaribu kila siku, kwa simu na kwa mashine za wateja, na kila siku naandikiwa kitu kilekile: "Mtumiaji anatazama. Subiri amalize." Chini yake kuna idadi ya waliomo chumbani.

Wawili.

Ahadi nimeitimiza. Wiki ya tatu sasa, kila jioni nafunga duka mapema na kwenda kwa mama. Tunakaa sebuleni. Ukuta uko mtupu, una matundu manne tu ya skrubu pale runinga ilipokuwa. Ananisimulia habari za wateja wake wa zamani, namsimulia za wangu, tunacheka. Moyo wake daktari ameusifu. Mimi ndiye ninayesinzia hovyo na kushtuka mlango ukigongwa. Mchana nikiwa kazini najiambia kwamba yamekwisha.

Jana, saa kumi na mbili na nusu, niliinuka kumfungia dirisha. Upepo ulikuwa umeanza. Nilipita mbele ya ule ukuta mtupu, nikasimama kidogo kuvuta pazia. Nyuma yangu mama akacheka, cheko fupi, la mtu aliyetaniwa.

Nikageuka. Hakuwa akinitazama mimi.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema kwa upole. "Unatuziba."