Anayengoja Kupigwa Picha

Harufu ya siki ndiyo iliyotangulia. Katika chumba cha mitambo, mahali ambapo hata chupa ya maji hairuhusiwi kuvuka kizingiti, palinuka siki kali, kana kwamba mtu ameimwaga sakafuni kisha akaipangusa kwa tambara chafu.

Aliyeinusa kwanza ni mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Bibi Ghala. Hakuwa mzee, jina lilitokana na kazi. Kampuni yao ilikuwa na maduka ya dawa katika miji mingi, na kila duka lilikuwa na vituko vyake vya kuandika mauzo: hili linakatisha majina ya dawa, lile linakosea tarehe, jingine linauza kidonge kilekile kwa majina mawili. Yeye ndiye aliyeandika programu za kukusanya vurugu hizo zote, kuzisafisha, kuzipanga na kuziweka katika ghala moja la data, ili mkurugenzi akiuliza dawa gani inakaribia kwisha, ajibiwe kabla chai yake haijapoa. Ghala hilo lilikaa ndani ya seva, zile kompyuta kubwa za kuhifadhi data, na seva hizo zilikuwa zimehamishwa juzijuzi kwenye chumba cha nyuma cha jengo kuukuu walilolipanga.

"Waya, unasikia harufu?" alimuuliza fundi wa mtandao, jamaa mrefu, mume wa mtu, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Waya akanusa. "Kiyoyozi hicho. Au soksi za mkurugenzi."

Lakini Bibi Ghala aliijua harufu ile. Penzi lake la pili baada ya mumewe lilikuwa kamera, ingawa mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alidai kamera ndiyo ya kwanza. Alijifunza kupiga picha zamani kwa kamera za filamu, akaloweka karatasi katika maji ya dawa gizani, na dawa mojawapo hunuka siki hivyohivyo. Akainua macho. Kwenye kona ya dari ilining'inia taa nyekundu iliyovaa vumbi. Ukutani palikuwa na misumari ya kufungia kamba za kuanikia picha.

"Hiki kilikuwa chumba cha giza!" alisema kwa furaha. "Palikuwa na studio hapa."

"Studio gani ambayo mlango wake umezibwa kwa matofali?" Waya akajibu. "Mafundi walitumia nyundo kuingia humu."

"Nani anaziba chumba cha picha kwa matofali?"

"Mtu asiyezipenda picha zake."

Wakacheka, wakafunga mlango.

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, Bibi Ghala aliingia mle na kamera na stendi yake. Alitaka kupiga taa ndogo za kijani za seva gizani, zile zinazopepesa kama macho ya paka. Akazima taa, akaiacha kamera iangalie giza kwa muda mrefu, kisha akatazama kioo chake kidogo. Taa zilitoka vizuri. Mbele ya taa hizo palikuwa na kiti.

Akawasha taa haraka. Hakukuwa na kiti. Akazima, akapiga tena. Safari hii juu ya kiti yalionekana magoti mawili, na juu ya magoti mikono miwili iliyotulia, kama ya mtu aliyeambiwa akae vizuri. Kuanzia kiunoni kwenda juu palikuwa na ukungu tu.

Mtu mwingine angetoka mbio. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta. Alizoea makosa yenye sababu. Alijiambia ni mwanga umerudi kutoka kwenye kioo cha kabati. Alipiga picha nyingine kadhaa, akazihifadhi kwenye seva ili azitazame katika skrini kubwa ya ofisini, akaondoka na kamera yake nyumbani.

Nyumbani aliishi na mama mkwe, ajuza mchangamfu aliyependa kumtania kuliko kula. Jioni hiyo, Bibi Ghala akiwa amezifungua picha kwenye kompyuta yake sebuleni, mama alikuja na bilauri ya chai, akainama nyuma ya bega lake.

"Huyu nani amekaa hapa?"

"Hakuna mtu, mama. Ni kiti na ukungu."

"Mwanangu, macho yangu ni mabovu lakini hayajafika huko. Huyu mwanamume mzima, amevaa koti. Tena amenyooka kweli! Anangoja kupigwa picha." Akacheka. "Mpige basi, usimkalishe mgeni bure."

Bibi Ghala aliitazama picha. Aliona ukungu uleule. Lakini chai yake mwenyewe iliyokuwa mezani, aliyoitia sukari kwa mkono wake, ilinuka siki.

Asubuhi alimkuta mama sebuleni, amekaa kwenye kiti cha mbao alichokivuta hadi katikati ya chumba. Mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, uso umeelekea ukuta mtupu.

"Mama, umeamka salama?"

Akamtikisa bega kidogo.

"Mama?"

"Usinitikise," mama alisema bila kusogeza midomo sana. "Picha itaharibika."

Alidhani ni utani. Akazunguka mbele yake acheke naye. Macho ya mama yalikuwa wazi, mekundu, yamekauka, wala hayakupepesa. Nzi alitua kwenye kope, akatembea, akaruka, kope halikutikisika. Alimgusa mkono: baridi, mgumu kama mpini. Alijaribu kumwinua, na yule mama ambaye juzi tu alikuwa akisaidiwa kushuka ngazi akawa mzito kama gunia la mchanga.

Alimpigia mumewe, aliyekuwa mbali barabarani. Akampigia daktari, naye akaja, akapima, akasema moyo unapiga sawasawa, akashauri hospitali. Lakini wanaume waliojaribu kumbeba walishindwa hata kuvuta kiti. Daktari akaenda kuita msaada. Ndipo jirani akamnong'oneza Bibi Ghala, "Dada, hili si la sindano. Ngoja nimlete Shangazi."

Shangazi alikuwa mganga, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe na mfuko wa plastiki, mwenye haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Hakupiga ramli wala kelele. Alifukiza kidogo, akasoma dua, akakaa sakafuni pembeni ya kiti, si mbele yake.

"Wewe uliyekaa, unataka nini?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa mama haikuwa ya mama. Ilikuwa sauti nyembamba ya mwanamume, ya kutoka ndani ya mahali finyu. "Nimekaa vizuri. Mbona hanipigi?"

"Nani akupige?"

"Huyo. Mwenye jicho la kioo. Alinianza, hajanimaliza."

Shangazi akamvuta Bibi Ghala hadi jikoni, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Ulimpiga wapi?"

Akamweleza yote.

"Sikiliza, mwanangu. Wapo majini wasio na sura. Huyu amekaa miaka katika chumba cha giza akiona nyuso za watu zikijitokeza kwenye karatasi, naye akaitamani yake. Kila picha unayompiga inamkaza kidogo, inampa umbo. Ukimpiga akiwa ndani ya mama, sura ya mama inakuwa yake moja kwa moja, na mama atabaki ganda. Nadhani aliyeziba mlango ule alikwisha kuona hivyo kwa mtu wake."

"Nifanye nini?"

"Picha zote zilizomshika zifutwe, kwa mkono uleule uliompiga. Zote. Ikibaki moja, ana pa kushika. Ataongea nawe, usijibu. Na akijitokeza, mtu yeyote asimtazame. Anayemtazama anamkaribisha."

Alifuta kwenye kamera. Akafuta kwenye kompyuta ya nyumbani. Kila alipofuta, mama alitoa mguno sebuleni. Kisha akakumbuka seva. Kila siku, programu aliyoiandika mwenyewe ilichukua nakala za akiba za kila kilichomo, ikazisambaza kwenye kabati zote za seva, isije ikatokea siku kitu kikapotea. Alikuwa amelijenga ghala lile lisisahau, na bosi alimpongeza kwa hilo. Nakala zile hazifutwi kutoka mbali. Ni lazima mtu aingie chumbani na kukaa mbele ya mtambo.

"Nenda," Shangazi alisema. "Mimi nitasoma hapa. Acha simu wazi, unisikie."

Ilikuwa mchana, ofisi imejaa watu wanaopiga soga, na hilo lilimtisha zaidi, kwamba dunia inaendelea na shughuli zake. Alimkuta Waya, akamweleza kwa kifupi, akamsihi amshikilie mlango, maana ulijifunga wenyewe na umeme wa jengo ulikuwa ukisumbua.

"Jini wa kwenye kompyuta?" Waya alitabasamu. "Hao sisi tunawaita virusi."

"Kaka yangu, sicheki. Simama hapo, geuza uso nje. Chochote utakachosikia, usitazame ndani."

Tabasamu likamtoka. "Haya, dada."

Akaingia. Siki ilimchoma macho. Aliweka simu juu ya kabati, sauti ya Shangazi ikisoma ndani yake, akaketi mbele ya mtambo na kuanza kuandika amri zake. Nakala ya kwanza ikafutika. Kiyoyozi kikanyamaza. Nakala nyingine ikafutika. Taa ya dari ikazimika, na kwenye kona ile taa nyekundu iliyovaa vumbi, isiyounganishwa na waya wowote, ikawaka.

Nyuma yake kiti kililia, kama kinavyolia kiti mtu anapojiweka sawa.

Aliendelea kuandika. Vidole vilikuwa vimelowa jasho, vikikosea herufi, naye akifuta na kurudia, akifuta na kurudia, huku akisikia pumzi zikisogea kutoka kwenye kona hadi mgongoni pake, pumzi baridi zenye siki, zikasimama karibu na sikio lake, na sauti ya Shangazi kwenye simu ikaanza kukwama, ikapotea, ikarudi, na iliporudi haikuwa tena ya Shangazi bali ya mama mkwe, ileile ya utani aliyoizoea, isiyotoka kwenye simu bali nyuma yake kabisa, ikimwambia kwa upole, "Mkwe wangu, mbona unanipa mgongo? Geuka nikuone. Nimechoka kukaa, mwanangu, geuka tu mara moja nishuke kwenye kiti hiki," naye akauma mdomo hadi akaonja damu, machozi yakimtiririka, kwa sababu alimpenda yule ajuza na hakuwahi kumkatalia jambo, akabonyeza, akabonyeza tena, na mkono mmoja, mgumu kama mpini, ukatua taratibu begani mwake.

"Bibi Ghala," Waya aliita kutoka mlangoni, sauti imekauka. "Kuna mtu ame—"

"Usitazame!"

Akafuta nakala ya mwisho.

Kabati zote zikatetemeka kwa pamoja. Mkono ukaondoka. Taa nyekundu ikapasuka, vigae vyake vikamwagika sakafuni, kiyoyozi kikanguruma, na taa ya dari ikarudi. Hakukuwa na kiti. Hakukuwa na harufu. Kwenye simu mtu alilia, kisha akakohoa, kisha akasema kwa hasira, "Nani kanikalisha kwenye mbao hizi? Mgongo wote umekufa! Na huyu wa raba ni nani, mbona ananipulizia moshi?"

Bibi Ghala alicheka na kulia kwa pamoja. Akakwapua simu, akapita mbio mlangoni, akamwambia Waya asante, asante kaka, Mungu akulipe, wala hakungoja jibu. Hakuangalia kama Waya alikuwa ameugeuza uso.

Nyumbani alimkuta mama akinywa uji huku akimtukana kila aliyejaribu kumlaza. Walikumbatiana muda mrefu. Baadaye Shangazi, akifunga mfuko wake, aliuliza, "Mlikuwa wangapi kule?"

"Mimi na mwenzangu, mlangoni."

"Alitazama?"

Swali hilo lilimkosesha usingizi. Asubuhi Waya hakufika kazini, wala hakupokea simu. Bibi Ghala alichukua gari, akaenda kwake, akigonga mlango huku akijiambia ni homa, ni uchovu, ni mtoto anaumwa. Mke wa Waya alifungua kidogo, kanga mdomoni.

"Afadhali umekuja, dada," alinong'ona. "Tangu aliporudi jana hajalala. Amekaa tu. Nikimgusa ananiambia nisimtikise."

Siki ilitoka kupitia ule upenyo wa mlango na kumpiga usoni. Alimshika yule mwanamke mkono, akamvuta nje, akamwambia achukue watoto aende kwa jirani, asiulize. Kwa mkono mwingine alikuwa akitafuta namba ya Shangazi kwenye simu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakukuwa na picha nyingine yoyote ya kufuta ili atoke.

Ndani, kiti kililia.

"Bibi Ghala," Waya aliita, na haikuwa sauti ya Waya. "Huyu ni mrefu, ananifaa. Umekuja na kamera?"