Alama ya Kijani kwenye Simu ya Wawira

Uvumi ulikuwa kwamba vijana wenye mapanga wamefunga njia ya sokoni. Niliusikia kwa muuza maziwa, na hata nikifua nguo ulinizunguka kichwani. Ilikuwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na Nakuru ilinuka moshi.

Binti yangu Wawira alikuwa darasa la nane. Nitin, kijana wa duka la simu, alikuwa akimfundisha kutengeneza programu za simu. Walitengeneza moja yenye ukurasa kwa kila njia: alama nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Majirani walituma ujumbe, Wawira akabadilisha rangi.

Siku hiyo baba yake, Muiruri, alitaka kwenda kumchukua dada yake mwenyewe kule sokoni.

"Wawira, njia ikoje?"

"Kijani, baba."

"Na yale maneno ya muuza maziwa?" nikauliza.

"Mama Wawira, huyo hata maziwa yake huwa na maji." Muiruri akacheka, akavaa koti, akatoka.

Kwenye kona alikuta matairi yakiwaka. Vijana walimwitisha kitambulisho, wakasoma jina, wakajua kabila lake. Panga likashuka, akainua mkono, likakata hadi mfupa. Jiwe likampata kichwani. Alitambaa kwenye mtaro huku wakimpiga rungu. Jirani yetu Odero alimleta nyumbani kwa mkokoteni, damu ikidondoka kati ya mbao.

Wawira alinionyesha simu. "Asubuhi niliweka nyekundu, mama. Nikafungua ukurasa mwingine, niliporudi nikaikuta kijani. Jana pia ilifanya hivyo. Niliogopa Nitin atanicheka."

Tulimpeleka hospitalini, na Nitin akatupata huko. Aliikagua simu.

"Rangi umeiweka ndani ya ukurasa," akamwambia. "Ukurasa ukifungwa, unasahau yote. Ukifunguliwa unaanza upya, na wewe uliuanzisha na kijani. Weka habari mahali pamoja, nje ya kurasa, kila ukurasa uulize hapo. Na kama hakuna habari, uandike 'sijui'."

"Ungenicheka?"

"Ningecheka kidogo, halafu tungerekebisha. Sasa angalia mkono wa mzee."

Wawira alirekebisha akilia. Uvumi mwingine ulipokuja, simu iliandika SIJUI. Tulifunga mlango, tukakaa ndani. Muiruri yuko hai, lakini vidole vyake havikunjiki.

Watoto, epukeni haya:

Kuficha kosa kwa kuogopa kuchekwa.

Kuweka habari ndani ya ukurasa unaofungwa.

Kutoka nje kwa sababu simu imesema, bila kumuuliza aliyetoka huko.

Kuonyesha kijani pale ambapo hujui.