Hirizi Isiyo na Mtu Ndani

Kila akija mgeni mnanisukumia hadithi hii, utadhani ni mimi niliyemwita jini. Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, iweke chini.

Wubishet wa Gondar alikuwa mwandishi wa hirizi, kama marehemu baba yake. Hirizi ya kwao ni utepe wa ngozi ya mbuzi, urefu wake sawasawa na mgonjwa toka utosini hadi unyayoni. Mwandishi huuandika kwa kalamu ya tete, na kila akichovya wino humtaja mgonjwa moyoni. Kazi ya siku tatu. Wubishet akaona huo ni ushamba. Akanunua kompyuta na mashine ya kuchapa, na karatasi nene ya rangi ya ngozi. Akawa anabadilisha jina tu, hirizi inatoka kabla kahawa haijachemka.

Dada yake Yeshimebet, aliyekwisha kuharibikiwa na mimba mbili, alipopata ya tatu, naye akachapiwa hirizi ya kulinda mimba, ikatundikwa mlangoni.

Balaa likaanza kwa vidole. Mchana mmoja wanakunywa kahawa, vidole vya Yeshimebet vikawa vinagonga sinia, ta-ta-ta, ta-ta.

"We mwana," jirani yake Zenebech akamtania, "unamwandikia nani barua humo?"

Yeshimebet akacheka. Mkono haukuacha.

Siku ya tatu ubani ulikuwa unafuka lakini chumba kizima kilinuka plastiki iliyoungua, na harufu ilitoka kwenye nywele zake, na vidole vilikuwa vimeshuka toka kwenye sinia hadi tumboni, vinagonga, vinagonga, na kutoka ndani ya tumbo kitu kikawa kinajibu kwa mdundo uleule. Wubishet akaitwa. Sauti iliyomkaribisha ilitoka kinywani mwa dada yake, lakini haikuwa yake.

"Mwandishi, karibu. Nilipoona hirizi mlangoni niliogopa. Nikainusa. Haina mtu ndani. Haya, nitajie mstari wa tatu bila kuchungulia, nitoke."

Wubishet akafungua kinywa. Hirizi alizoandika kwa mkono miaka kumi nyuma alizikumbuka hadi pale wino ulipomwagika. Ya dada yake, hata neno.

"Kaka," Yeshimebet akanong'ona, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "hukuniwaza hata mimi?"

Majirani wote wakatazama chini. Afadhali wangemtukana.

Akampima upya kwa uzi, akaketi uani mbele ya watu, akaandika kwa kalamu ya tete, herufi zimepinda kama za mtoto. Siku tatu. Alipomaliza jina kwa wino mwekundu, vidole vikatulia, na mtoto akageuka tumboni kama mtoto.

"Huyu nimemwachia," sauti ile ikasema toka dirishani. "Na wale wengine uliowachapia?"

Walikuwa thelathini na mmoja. Wubishet alikwenda kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na uzi wa kupimia mkononi, na katika kila mlango ilimbidi aseme kwanza, mwenye nyumba akimtazama usoni: "Nilipoandika jina lako, sikukuwaza."